Samani za kanisa "za Kiingereza" kutoka Mafinga: mabenchi kwa masharti, mimbari bila wasiwasi, kisima cha ubatizo kirudi karakana

Kanisa likishapauliwa na kupigwa lipu, kamati ya ujenzi hugeukia samani, na mara nyingi mfuko huwa umeshakauka. Hapo ndipo makosa ya kudumu hufanyika. Karakana moja ya Mafinga, jirani na barabara kuu ya Tanzam, imekuwa ikiyauzia makanisa ya nyanda za juu kusini seti ambayo mafundi wake wanaiita "ya Kiingereza": mabenchi yenye vichwa vya kuchonga, mimbari ya pembe sita, stendi ya kusomea yenye tai, reli ya madhabahu, na kisima cha ubatizo chenye kifuniko. Tathmini hii ni ya seti mbili za karakana hiyo. Moja iko Iringa vijijini kwenye ukavu, nyingine iko upande wa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Kila seti imeshakaa masika moja na kiangazi kimoja, muda unaotosha mbao kusema ukweli wake.

Hukumu tuitoe mapema ili mwenye haraka asihangaike. Mabenchi ni mazuri na yananunulika, ila yana kasoro tatu ambazo lazima zirekebishwe kabla hujalipa. Mimbari na reli ni kazi ya heshima. Kisima cha ubatizo usikichukue kama kilivyo.

Jina "ya Kiingereza" si la mapambo tu, kwa hiyo inafaa kujua lilikotoka. Makanisa ya parishi ya Uingereza hayakuanza na mabenchi. Kwa karne nyingi watu walisimama au kupiga magoti sakafuni, na wazee na wagonjwa wakaegemea vibaraza vya mawe vilivyojengwa kando ya kuta. Mabenchi yalienea hasa katika karne ya 15. Ubao wa mwisho wa benchi, ule unaoelekea njia ya katikati, ukawa ndio uso wa benchi, na mafundi wakaanza kuuchonga. Katika majimbo ya Suffolk na Norfolk juu yake huchomoza kichwa cha majani yaliyokunjamana. Kwenye kanisa la Blythburgh, Suffolk, vichwa vya mabenchi vinaonyesha dhambi saba za mauti, mtu na tabia yake. Mengi ya mabenchi hayo bado yanakaliwa hadi leo, zaidi ya miaka 500 baadaye.

Ukiuliza sababu, watu hujibu haraka: ni mti wa mwaloni. Jibu hilo ni nusu tu. Mwaloni ukifungwa kwa misumari unaachia kama mti mwingine wowote, tena wenyewe una tanini nyingi, kemikali ya asili ya mti; chuma kikiugusa penye unyevu hutokea doa jeusi na msumari huliwa taratibu. Mkaratusi wetu una tabia hiyohiyo, na ukiona michirizi myeusi kwenye benchi la mkaratusi ujue msumari uko wapi. Kilichoyabeba mabenchi yale ni kiungo.

Fundi wa zamani alichonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine, kama wafanyavyo maseremala wetu. Tofauti ilikuwa kwenye kigingi. Alitoboa kwanza tundu la kigingi kwenye mguu, ulimi ukiwa nje. Kisha aliingiza ulimi, akaweka alama juu yake mahali tundu lilipoangukia, akauchomoa tena. Sasa akatoboa ulimi, si palepale penye alama, bali milimita 1.5 hadi 2 karibu zaidi na bega, yaani pale ulimi unapoanzia. Matundu hayo yakikutanishwa hayalingani. Kigingi chenye ncha iliyochongwa kikigongwa kinalazimika kujipinda kidogo ndani, na katika kutaka kunyooka kinauvuta ulimi mpaka bega linakaa barabara kwenye mguu. Hakuna gundi. Mbao zikisinyaa, kigingi kinaendelea kuvuta. Na kigingi chenyewe hupasuliwa kwa kufuata nyuzi za mti, hakikatwi kwa msumeno, maana msumeno ukikata nyuzi kigingi huvunjikia humohumo ndani na hakuna wa kukitoa.

Kasoro ya kwanza ya mabenchi ya Mafinga iko hapa. Yana ulimi na tundu, na tunawapongeza, kwa sababu karakana nyingi siku hizi zinaunganisha kwa kugonganisha ncha na kupiga skrubu. Lakini kiungo chao kinategemea gundi nyeupe na skrubu mbili za inchi 2.5 zilizofichwa chini ya plagi ya mbao. Kwenye seti ya Iringa, kufikia mwishoni mwa kiangazi, mabenchi kadhaa yalikuwa yamefunguka begani kiasi cha kuingiza karatasi. Ukikaa pembeni na kuegemea, benchi linalia. Kwa nje kila kitu kinang'aa. Ukipitisha kucha kwenye mstari wa kiungo unausikia ufa. Karakana haikubisha. Ilipoonyeshwa namna ya kutoboa kwa kupishanisha matundu, ilirekebisha benchi moja kwa kigingi cha mninga cha milimita 10, na benchi hilo limetulia. Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: kwenye oda yako waandikie vigingi viwili kwa kila kiungo kikubwa, matundu yapishane milimita 1.5 kwa mninga na 2 kwa paini, skrubu zisiwepo kabisa kwenye viungo vya miguu. Paini ni laini, inavumilia mvuto mkubwa zaidi. Mninga ukiuzidishia unapasuka.

Sasa mbao zenyewe. Seti inatumia paini ya Mufindi kwa viti na migongo, na mninga kwa vichwa vya mabenchi, mimbari na reli. Mchanganyiko huu una akili. Mninga husinyaa kidogo sana ukilinganisha na miti mingine mingi ya mbao, kwa hiyo nakshi zake hazipasuki ovyo. Paini hiyo, ya shamba la miti la Sao Hill, ni rahisi kupatikana na nyepesi kubeba, lakini ikitoka kupasuliwa inaweza kuwa na maji yanayozidi uzito wa mti wenyewe mkavu. Samani ya ndani inataka unyevu wa asilimia 12 hadi 14. Paini iliyoanikwa wiki tatu kwenye masika ya Mafinga haiwezi kufika hapo, hata muuzaji aape.

Usikubali kuambiwa "ni kavu". Pima. Kata kipande cha ubao, angalau sentimita 30 kutoka nchani, kwa sababu ncha hukauka mapema na hudanganya. Kipime kwa mzani wa jikoni wa kidijitali. Kiweke kwenye ovena kwa nyuzi joto 103, ukipime tena kila baada ya saa chache mpaka uzito usibadilike. Kama kilianza na gramu 230 kikaishia gramu 200, maji yaliyotoka ni gramu 30. Gawanya kwa 200, unapata asilimia 15. Ubao huo subiri kidogo. Ukipata asilimia 20 na zaidi, mwambie fundi aurudishe kwenye rundo. Kipimo hiki kinataka mwokaji mikate mwenye ovena ya umeme na uvumilivu wa siku moja, basi.

Rundo lao tulilikagua. Vijiti vya kutenganisha mbao ni vya inchi 1, vimepangwa kila sentimita 60, na, jambo ambalo karakana nyingi hulipuuza, vimepangwa wima, kijiti juu ya kijiti. Vikikaa ovyo ubao hupinda kufuata kijiti na hautanyooka tena. Juu kuna bati, pembeni kuko wazi upepo upite. Mbao chache za chini zilikuwa na rangi ya bluu. Huo ni ukungu unaoshika paini iliyolundikwa mbichi bila hewa. Ubao wenye bluu haujaoza, lakini unakueleza kwamba ulichelewa kuanikwa. Kwa kiangazi, paini ya inchi 1 inataka miezi miwili au mitatu kwenye rundo kama lile. Mninga wa inchi 2 usiuhesabie miezi, uhesabie mwaka na zaidi.

Kiti cha benchi kina upana wa milimita 380, kutokana na mbao mbili za inchi 2x8 zilizounganishwa ubavu. Ubao wa upana huo ukishuka kutoka unyevu wa asilimia 18 hadi 12 unaweza kusinyaa milimita 5 au 6. Ukiwa umebanwa kwa skrubu mbele na nyuma hauna pa kwenda, na lazima upasuke. Waambie matundu ya skrubu za mbele yawe ya kawaida, ya nyuma yawe marefu kama yai, ili mbele kubane na nyuma kuteleze. Walikubali bila ubishi. Ni kazi ya dakika kumi kwa benchi.

Wengine watakushawishi uchukue mbao za dawa, zile za kijani, kwa hofu ya mchwa. Kwenye kenchi za paa ni sawa. Kwenye kiti hazifai: dawa hiyo ya kijani iliyozoeleka ina shaba, kromi na aseniki, na kiti hupigwa msasa, huguswa na mikono, na watoto hukitafuna kingo mahubiri yakirefuka.

Kasoro ya pili ni kubonyea. Sampuli ya kwanza ya karakana ilikuwa benchi la mita 2.7 lenye kiti cha inchi 1 na miguu ya mwisho tu. Ubao wa inchi 1 ukipigwa randa hubaki milimita 22 hivi. Wakikaa watu sita juu yake, katikati unalala kama kamba ya nguo. Seti ya Iringa ilishaingia na mabenchi mawili ya namna hiyo kabla kamati haijagundua. Dawa yake inajulikana: kiti cha inchi 2, ambacho kikipigwa randa hubaki milimita 45, pamoja na mguu wa katikati, ili urefu usio na msaada usizidi mita 1.35. Ukifanya moja tu kati ya hayo mawili haitoshi. Mguu wa katikati usiwe mbele kabisa. Urudishwe nyuma sentimita 8 ili visigino visigonge.

Vipimo vingine vya benchi lao viko sawa na tunavisifu. Kiti kina kimo cha milimita 450 mbele na 435 nyuma, mteremko unaomfanya mtu akae bila kuteleza. Mgongo umelala nyuma kidogo, nyuzi 12 hivi. Mabenchi mengi ya parokia zetu yana mgongo wima kama ukuta wa stoo, na ndiyo maana watu hukaa ukingoni. Ubao wa kupigia magoti una upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 16, umebandikwa mpira mwembamba chini usigonge sakafu unaposhushwa. Ubao wa vitabu una ukingo wa sentimita 2, unashika Biblia na kitabu cha nyimbo bila kuanguka.

Kasoro ya tatu hailetwi na karakana peke yake: ni deki. Sakafu ya saruji ya kanisa hudekiwa kila Jumamosi, na ncha ya mguu wa benchi ni kama mafungu ya mirija. Inanyonya maji kwenda juu. Baada ya masika moja, kwenye seti ya Tukuyu miguu ilikuwa imeshaweka weusi kwa sentimita 3 au 4 kutoka chini. Uingereza nako walijifunza hivyo kwa gharama kubwa. Mabenchi mengi ya karne ya 19 waliyapandisha juu ya jukwaa la mbao lenye nafasi ya hewa chini, na pale matundu ya hewa yalipozibwa jukwaa lote lilioza. Sisi hatuhitaji jukwaa. Inatosha kipande cha mpira mgumu au plastiki cha milimita 10 chini ya kila mguu, na ncha ya mguu ichovywe kwenye vanishi nyembamba mara tatu kabla ya kukifunga. Kipande kiwe kidogo kuliko mguu kwa milimita 5 kila upande, maji yasipate pa kukaa. Na anayedeki akamue kitambaa.

Vanishi tuiseme kwa ufupi. Karakana inapulizia laka inayokauka haraka, safi kwa Iringa. Kwa Tukuyu walipulizia siku ya ukungu na laka ikageuka nyeupe kama maziwa, kwa sababu unyevu wa hewani ulinaswa humo kabla laka haijakauka. Ilibidi iondolewe na kurudiwa. Huko bora mafuta ya kitani, mikono mitatu myembamba ikifutwa kwa kitambaa, kila mkono siku yake. Benchi haling'ai sana, lakini likikwaruzwa linapakwa tena palepale bila kulikwangua lote. Vitambaa vyenye mafuta hayo visirundikwe kwenye kona. Hujichemsha vyenyewe na kuwaka moto. Vianike wazi au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Kinachotufurahisha kuliko vyote ni vichwa vya mabenchi. Mchongaji wa karakana hakunakili majani ya Suffolk. Amechonga okidi za Kitulo, uwanda wa upande wa Makete ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, na kwenye mabenchi ya upande wa pili amechonga jani la chai la Mufindi: majani mawili na chipukizi moja, kama yanavyochumwa. Sogea karibu uangalie okidi ya benchi la tatu kutoka mlangoni. Petali ya chini imechongwa kina cha milimita 12, na ukingo wake umeinuliwa kwa patasi ya mviringo kiasi kwamba mwanga wa dirishani unaingia chini yake. Nyuma ya ua ameacha alama za patasi bila kuzipiga msasa. Kuna watakaosema hakumaliza kazi. Sisi tunasema amejua wapi pa kusimama: nakshi iliyopigwa msasa kupita kiasi huonekana kama sabuni iliyotumika. Hivi ndivyo walivyofanya wachongaji wa parishi za Uingereza, kila jimbo na majani yake, na ndiyo sababu hatuoni aibu kuliita benchi hili la Kiingereza wakati limevaa maua ya Makete.

Kabla ya kuagiza, pima ukumbi wako. Mtu mmoja anahitaji sentimita 45, kwa hiyo benchi la mita 2.7 ni watu sita. Mabenchi mawili kwa safu, njia ya katikati mita 1.5 ili jeneza na wabebaji wake wapite, na njia za pembeni sentimita 90 kila upande: jumla mita 8.7. Kutoka benchi hadi benchi weka sentimita 90, chini ya hapo kupiga magoti ni mateso. Ukumbi wa urefu wa mita 16, ukiacha mita 3 mbele na mita 2.5 nyuma kwa kisima, unachukua safu 11, yaani mabenchi 22 na watu 132. Kwa benchi moja utahitaji mbao mbili za 2x8, mbili za 1x8, moja ya 1x6 na moja ya 2x6, zote za futi 12. Kila ubao unabakiza kipande cha karibu sentimita 95. Hesabu vipande hivyo na ukabidhiwe kazi yake, maana ndivyo vinavyotengeneza miguu ya katikati na mikono ya ubao wa vitabu. Kamati isiyohesabu inavilipia mara mbili.

Mimbari. Kanuni za Kanisa la Uingereza za 1604 ziliagiza kila parishi iwe na mimbari ya heshima kwa gharama ya parishi, na nyingi zilizobaki za karne hiyo ni za pembe sita au nane, zenye paa dogo la mbao juu ya kichwa cha mhubiri. Hii ya Mafinga ni ya pembe sita, kila upande milimita 450, hivyo ndani kuna nafasi ya milimita 780 kutoka ubao hadi ubao unaotazamana. Inamtosha kasisi mwenye joho. Sakafu yake iko sentimita 60 juu, inapandwa kwa ngazi nne za sentimita 15. Ubao wa kuwekea kitabu uko mita 1.1 kutoka sakafu ya mimbari, na unapanda na kushuka sentimita 10 kwa pini mbili, jambo dogo ambalo wahubiri wafupi watalishukuru.

Ugumu wa pembe sita uko kwenye mkato. Kila ubavu unakatwa nyuzi 30, na kuna mikato 12. Msumeno ukikosea nusu ya nyuzi tu, kosa linajumlishwa hadi nyuzi 6, na lote linajitokeza kwenye kiungo cha mwisho, ufa wa kuingiza kidole ambao fundi hujaza kwa vumbi la mbao na gundi. Kagua kiungo kilicho nyuma, upande wa ngazi. Huko ndiko kosa hufichwa. Kwenye mimbari zote mbili kiungo hicho kilikuwa kimefunga kama vingine vitano. Hiyo ni kazi ya fundi anayejaribu kwanza kwenye vipande vya paini kabla hajagusa mninga.

Paa la sauti linauzwa kwa nyongeza. Lichukue. Ni la upana wa mita 1.2, linakaa mita 2.2 juu ya sakafu ya mimbari, na linairudisha sauti chini kwa waumini badala ya kuiacha ipotelee kwenye kenchi. Umeme ukikatika, tofauti yake unaisikia kuanzia benchi la sita kwenda nyuma. Mvua ya Rungwe ikipiga bati, hata hilo haliwezi.

Stendi ya tai ni ya kawaida. Tai ni alama ya Mtakatifu Yohana Mwinjilisti, na Waingereza huichonga au kuitengeneza kwa shaba nyeupe ikibeba Biblia juu ya mabawa. Hii ina mabawa membamba mno penye bega. Biblia kubwa ya madhabahu ina uzito wake, na bawa la kushoto la ile ya Tukuyu limeshaanza kupata ufa. Ama wanenepeshe bega hadi milimita 40, ama uchukue stendi isiyo na ndege.

Reli ya madhabahu ni nzuri kabisa. Katika miaka ya 1630 Askofu Mkuu William Laud na maaskofu wa upande wake walisisitiza makanisa ya Uingereza yaweke reli, na sababu mojawapo waliyoitoa wazi ni mbwa: nguzo zikaribiane ili mbwa asipite kwenda kwenye Meza Takatifu. Kanisa la kijijini kwetu ambalo mlango hushinda wazi linaelewa hoja hiyo, ukiongeza na kuku. Vijiti vya kukereza vya reli ya Mafinga vimeachana sentimita 9, kimo cha reli ni sentimita 76, na juu ubao una upana wa sentimita 14, wa kutosha kuegemeza viwiko. Lango lina bawaba za shaba. Hakuna tulichoomba kibadilishwe.

Kisima cha ubatizo ndicho kinachoumiza, kwa sababu wamekipamba sana. Kwa macho kinavutia: pembe nane, kifuniko kama mnara, okidi kila upande. Lakini ni sanduku la paini lenye beseni la stenlesi la jikoni lililotumbukizwa juu, bila tundu la kutolea maji. Maji huchotwa kwa kikombe, yanayobaki yanamwagikia kwenye kiungo cha beseni na mbao, na mbao zimeshavimba. Kifuniko hakina bawaba wala kufuli, kinawekwa chini kila ubatizo, na ncha yake imeshavunjika.

Kisima cha parishi ya Uingereza kwa kawaida ni cha jiwe. Bakuli lake liliwekwa bati la risasi ndani ili jiwe lisinyonye, na tundu lilishuka katikati ya nguzo hadi ardhini, maji yaliyobarikiwa yarudi kwenye udongo. Mwaka 1236 Askofu Mkuu Edmund wa Canterbury aliagiza visima vifungwe kwa kufuli, kwa hofu ya maji hayo kuibwa kwa uchawi. Ndivyo vifuniko vilivyoanza, na vikakua mpaka cha Ufford, Suffolk, chenye urefu unaokaribia mita 6, ambacho sehemu yake ya chini inateleza juu ya ile ya juu ili kisima kifunguliwe bila kuking'oa.

Iringa ina mawe ya kutosha na waashi wanaoyajua. Jenga nguzo na bakuli kwa jiwe, lakini achana na risasi, ni sumu. Tumia beseni la shaba au stenlesi lenye tundu la inchi 1, bomba lishuke katikati hadi kwenye shimo la mawe la kina cha sentimita 60 chini ya sakafu, lisiunganishwe na maji taka. Jiwe gumu la mita moja ya ujazo lina uzito unaozidi kilo 2,500, kwa hiyo kisima cha robo tu ya hapo ni zaidi ya kilo 600. Kiwekewe msingi wake kabla sakafu haijamwagwa, karibu na mlango wa magharibi, pale mtoto anapoingia Kanisani. Kifuniko cha Mafinga kinafaa hapo, kikitiwa bawaba.

Jambo moja ambalo karakana inalisukuma na sisi tunalikataa: mbao za kupamba ukuta, kimo cha mita 1, hasa kwa makanisa ya zamani ya misheni yenye kuta za tofali na chokaa au udongo. Kuta hizo hupumua. Zikishapigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani na kutafuta pa kutokea, na ubao uliogandamizwa ukutani unaupokea wote. Makanisa mengi ya Uingereza yaliyorekebishwa kwa saruji katika karne ya 20 yameharibika hivyohivyo, na sasa saruji inabanduliwa ili chokaa irudi. Kama lazima ubao uwepo, acha mwanya wa sentimita 3 nyuma, wazi juu na chini.

Malipo: waligawanya mara tatu, na tunashauri awamu ya mwisho itoke baada ya kipimo cha unyevu na kukaliwa kwa benchi na watu sita, si baada ya picha. Mninga uje na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Nakala ibaki kwa mhazini. Oda ifanyike Mei au Juni, paini ipate kiangazi kizima kwenye rundo, na kazi ifungwe Septemba au Oktoba kabla mvua hazijaanza. Mabenchi yasafirishwe yamefunguliwa, vichwa vya mninga vimefungwa blanketi vikiwa vimesimama, visilazwe juu ya vingine. Lori la seti ya Tukuyu lilivilaza, na maua matano ya Kitulo yalifika bila petali.